Pindo halina kosa: kutafuta chanzo cha vurugu za asubuhi ya shule

Mteja akileta sketi iliyopanda mbele, fundi mchanga hushika mkasi akakata pindo la nyuma ili lilingane. Sketi inarudi kwao imekuwa fupi, na ikivaliwa inapanda tena. Pindo halikuwa na kosa. Tumbo ndilo lililovuta kitambaa, na dawa yake iko kiunoni: unafumua mkanda, unashusha mbele nusu inchi, unarudishia.

Nina miaka kumi na minne nashona sare za shule Tabata, Dar es Salaam, na nina watoto watatu wanaosoma shule za kutwa. Mkubwa yuko kidato cha kwanza, wa kati darasa la tano, mdogo ameingia darasa la kwanza. Kwa hiyo kila Januari nakutana na kisa cha sketi mara mbili: kibandani kwangu, na mlangoni kwangu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mtu anapolia kwamba soksi moja haionekani. Tunamfokea mwenye soksi. Huko ni kukata pindo. Kosa lilishafanyika jana jioni, au Jumapili, au Novemba.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Anza na inayofanana na ya nyumbani kwako. Lakini kabla ya kubadilisha chochote, chagua asubuhi moja ukae na saa na karatasi, usifoke, usisaidie, andika tu nani yuko wapi kila baada ya dakika tano. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mimi ilinishinda siku ya kwanza, nikarudia ya pili.

Dalili: mnaamka mapema na bado mnachelewa

Wengi wetu tukichelewa tunarudisha nyuma saa ya kuamka. Nilishafika hatua ya kuwaamsha saa kumi na nusu, jogoo mwenyewe hajajua, na bado mtoto akachelewa namba, yaani kuhesabiwa shuleni asubuhi, na kukosa kufagia eneo lake. Karatasi ndiyo iliyonionyesha. Wa kati alikuwa amesimama uwani na taulo begani kwa dakika ishirini na mbili. Tunaishi nyumba ya kupanga, familia nne, bafu moja. Kila nyumba ilikuwa inaamka saa kumi na moja, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa inasubiri.

Kipimo chake ni rahisi: jumlisha dakika ambazo mtoto amesimama bila la kufanya. Zikizidi kumi, una tatizo la foleni, na kuwahi kuamka kutakunyima usingizi tu.

Kwetu mambo matatu yalisaidia. Mdogo anaoga jioni akitoka kucheza, asubuhi anaosha uso, mikono na miguu na kupiga mswaki. Ndoo zinajazwa usiku, kila moja imefunikwa, kwa sababu bomba la uwani asubuhi hutoa uzi wa maji na kujaza ndoo ya lita ishirini ni safari yake yenyewe. La tatu ni la aibu kidogo: nilikwenda kuongea na wenzangu. Mama wa chumba cha mwisho anafanya kazi zamu za usiku, hana haja ya bafu mpaka saa moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba wa chumba cha pili alikuwa anaoga kwa nusu saa akisikiliza redio. Sasa anaoga saa kumi na mbili na robo, watoto wa asubuhi wameshatoka, na redio yake haimkeri mtu.

Kama kwako hakuna foleni ya bafu, tazama ya barabarani. Kuna tofauti kati ya saa ya kutoka nyumbani na saa ya kupata gari. Mwanafunzi analipa nauli ndogo, na makonda wengi wanajua kwamba kiti kile mtu mzima angekilipia zaidi, hivyo gari likifika kituo cha katikati limejaa, mtoto wa sare ndiye wa mwisho kuitwa. Watu wazima hugeuza na gari, wanapanda linalokwenda mwisho wa njia ili warudi nalo wamekaa, lakini wanalipa mara mbili. Kwa mtoto, bora atembee kurudi nyuma kituo kimoja au viwili hadi gari linapoanzia. Dakika kumi za kutembea zinaweza kuokoa arobaini za kusubiri. Bodaboda ni ya dharura, tena mtoto mmoja na dereva unayemfahamu. Mshikaki wa watoto watatu na mabegi yao sitauandikia maelekezo.

Kwa wanaotembea mpaka shuleni: pima njia kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Mimi natumia dakika kumi na mbili. Mdogo wangu anatumia ishirini na tano, maana kuna mbuzi njiani.

Dalili: mtoto haamki, au mwalimu anasema anasinzia

Piga hesabu kabla ya kumwita mvivu. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Akiamka saa kumi na moja alfajiri, saa tisa tu zinamtaka awe amelala saa mbili usiku. Si kuanza kutafutwa akalale, awe amelala.

Sasa jiulize saa mbili usiku nyumbani kwako kuna nini. Kwangu taarifa ya habari ilikuwa inaanza, na maharage bado yako jikoni. Hapo ndipo kiuno cha sketi kilipo: mtoto haamki kwa sababu chungu kimechelewa kuiva. Nilianza kuchemsha maharage Jumapili na kuyagawa kwenye makopo ya siku mbili mbili yanayokaa kwenye friji. Asiye na friji ayachemshe mchana, au siku za shule achague mboga inayoiva haraka. Watoto wanakula saa moja. Sisi wazee tunakula tukitaka.

Sababu ya pili inahusu nyumba za chumba na sebule, ambazo ndizo zetu wengi. Watoto wanalala sebuleni, na sebule ndiyo yenye televisheni, wageni, na baba anayerudi saa tatu. Godoro halitandikwi mpaka watu wazima wamalize mambo yao. Tulihamishia televisheni chumbani kwetu. Baba yao alinuna wiki mbili, kisha akagundua kwamba mpira unaonekana vizuri zaidi ukiwa umejilaza.

Sababu ya tatu ni joto la Januari. Fungua madirisha ya pande mbili, chandarua kiwe kimechomekwa, na godoro lisikae kwenye ukuta uliopigwa na jua la magharibi, maana ukuta huo hutoa joto mpaka usiku wa manane. Julai ni kinyume: hewa imepoa lakini jua linachelewa, linachomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, na mtoto anaamka gizani kabisa. Muhula wa pili huwa nawaongezea taa, si kelele.

Likizo ya Disemba nayo inaharibu saa za mwili. Usisubiri Jumapili ya mwisho. Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, sogeza saa ya kulala na ya kuamka robo saa kila siku.

Na kama kwa wiki mbili anapata usingizi wa saa tisa kamili kila usiku, bado anasinzia, midomo imepauka au anachoka akipanda ngazi, acha kupanga nyumba umpeleke kituo cha afya akapimwe damu na minyoo. Hilo halina dawa ya ratiba.

Dalili: kila asubuhi kuna kitu hakionekani

Jioni, wakati hakuna haraka, muulize mtoto: "Soksi zako zinalala wapi?" Akijibu "pale", muulize mwingine. Kama kila mmoja anaonyesha kona yake, basi soksi hazina kwao, na kitu kisicho na kwao hulala popote.

Watu hununua kabati. Nimeona nyumba zenye makabati mawili na bado soksi ziko chini ya kochi. Nilichofanya ni kupiga misumari sita nyuma ya mlango, miwili kwa kila mtoto, kwenye kimo cha bega la mtoto mwenyewe. Hapo mwanzo niliipiga kwenye kimo changu, ikawa mimi ndiye ninayetundika. Msumari mmoja ni wa begi, wa pili wa sare ya kesho. Chini yake kuna ndoo ya rangi iliyopasuka: viatu, na soksi zikiwa ndani ya viatu. Basi.

Soksi za nyumba nzima ziwe za rangi moja na aina moja kama shule zinaruhusu. Ikipotea moja hujapoteza jozi, na saizi unazitofautisha kwa nukta ya uzi kwenye kidole: nyekundu, kijani, hakuna.

Vinavyopotelea shuleni ni kesi nyingine. Sweta ndilo linaloongoza, kwa sababu linavaliwa asubuhi na kuvuliwa saa nne jua likiwaka, na mtoto aliyevua sweta anakimbilia mpira. Kalamu ya wino wa kudumu haitoshi. Wino unafifia kila sweta likifuliwa, na mwisho wa muhula jina halisomeki. Shona herufi mbili za jina kwa uzi wa rangi tofauti ndani ya shingo, mshono wa mkono unatosha. Penseli ikate katikati, nusu iende shule na nusu ibaki nyumbani, kisha chonga kidogo upande wa nyuma uandike jina kwenye mti mweupe. Penseli nusu yenye jina haina soko darasani.

Dalili: sare inaleta matatizo (hapa nitakaa kidogo)

*Inabana kabla ya mwaka kuisha.* Wazazi wanakuja kibandani wakisema mtoto amekua ghafla. Hajakua ghafla, sare ndiyo iliyoshonwa bila akiba. Unapopima, mwambie fundi aache pindo la inchi tatu kwenye sketi au suruali, na akiba ya inchi moja kila upande kwenye mishono ya kiunoni. Sare za dukani nyingi hazina akiba hiyo. Zigeuze ndani uangalie kabla ya kulipa. Usimnunulie iliyomzidi saizi mbili ukidhani unaokoa. Mtoto anaikanyaga, inachanika pindoni, na mabega yakishalegea hayarudi. Sketi ya marinda ndiyo yenye faida kubwa, kiuno kinaweza kuongezwa kwa kufungua rinda moja kila upande bila mtu kujua.

Ukishusha pindo Julai, alama ya zamani itabaki kama mstari. Loanisha kitambaa safi kwa maji yenye siki kidogo, kiweke juu ya mstari, piga pasi ya moto. Kwa tetroni ya bluu iliyofuliwa muda mrefu haiondoki yote, lakini inafifia. Jaribu kwanza upande wa ndani.

*Shati jeupe linakuwa la manjano.* Angalia umanjano uko wapi. Ukiwa kwenye kola na kwapani peke yake, ni jasho na mafuta ya mwili: sugua sabuni ya mche sehemu hizo jioni, liache lilale na sabuni, fua asubuhi. Ukiwa umeenea shati zima, uliza dawa ya kung'arisha. Dawa yenye klorini ikizidi kwenye kitambaa cha mchanganyiko huacha umanjano ambao haufuliki, na kadiri unavyoongeza dawa ndivyo unavyozidi. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika kama madoadoa ya chui ni maji ya kisima yenye kutu. Klorini huyafanya yakolee. Suuza kwa maji ya bomba au ya mvua, na bluu ya kufulia kidogo sana.

*Haikauki.* Hii ni dalili ya masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Mzazi anafua Jumapili jioni kisha asubuhi anapiga pasi shati bichi, linanuka uvundo kabla ya saa nne. Sababu ni siku ya kufua. Fua Jumamosi asubuhi, na Jumatano shati tu. Ikilazimika kufua jioni, lizungushe shati ndani ya taulo kavu, likamue hivyo hivyo na taulo lake, kisha litundike ndani panapopita hewa, si juu ya mlango wa chumba.

*Mko fedha pungufu na mnauliza kipi kiongezwe.* Shati. Kila siku wateja wangu wanashona shati moja na sketi moja, seti, kwa kupenda ukamilifu. Shati jeupe linachafuka siku moja, sketi ya bluu inavumilia tatu. Mashati matatu na sketi mbili ni mali kuliko seti mbili na nusu.

*Fundi hajamaliza.* Hapa nitasema dhidi ya wenzangu na mimi mwenyewe. Mafundi tunapokea kazi kuliko uwezo wetu, tunasema "njoo Ijumaa" tukijua kabisa. Ukileta kitambaa wiki ya kwanza ya Januari uko nyuma ya watu sitini. Leta Novemba. Utapata mshono wa mtu aliyelala usiku, na muda wa kurudi kurekebisha. Kama ni lazima iwe Januari, peleka shati kwa fundi mmoja na sketi kwa mwingine.

*Vifungo na zipu asubuhi.* Sindano yenye uzi mweupe na sindano yenye uzi wa bluu, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji nyuma ya ule mlango wa misumari, juu kabisa mdogo asipofikia. Jumapili pitisha mkono kwenye kila kifungo. Kinachocheza, kishone siku hiyo.

Kupiga pasi: pasi ya umeme inakula uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zaidi inapoanza kupata moto, kwa hiyo kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja ni hasara, achilia mbali asubuhi ambayo umeme haupo. Piga za nyumba nzima kwa mkupuo, Jumapili na Jumatano. Na pasi ya mkaa ya bibi usiigawe.

Dalili: "Mama, leo tumeambiwa tulete…"

Mguu mmoja uko nje, mwingine ndani, ndipo mtoto anakumbuka fagio la chelewa. Nilishamwona wa kati akichelewa kwa sababu ya chelewa, na baba yake akacheka peke yake mpaka kituoni. Siku nyingine ni rimu ya karatasi, au pesa ya mtihani wa majaribio, au picha ndogo mbili.

Mtoto alijua tangu jana. Sisi ndio tunauliza vibaya. "Umesomaje leo?" jibu lake ni "vizuri" duniani kote. Uliza: "Mwalimu kasema mlete nini?" na uliulize wakati anavua viatu, kabla mchezo haujamchukua. Kama shule ina kundi la WhatsApp la wazazi, taarifa ya rimu inazikwa na salamu za asubuhi njema na maua. Mpeni mzazi mmoja kazi ya kurudia madai yote ya wiki kila Ijumaa jioni kwa ujumbe mmoja. Kwetu anafanya hivyo mzazi ambaye ni mhasibu, na anaonekana kufurahia.

Weka akiba ya dharura: mafagio mawili, rimu nusu, bahasha, madaftari matatu, karatasi za kaki za kuyavalisha. Hivi ndivyo vinavyodaiwa usiku wakati maduka yamefungwa.

Nauli nayo ni hapa. Asubuhi hakuna mwenye chenji, konda anakasirika, mtoto anashushwa. Sina ujanja zaidi ya chupa ya sarafu. Kila Jumamosi namwomba muuza genge anibadilishie noti kwa sarafu za mia mbili na mia moja. Yeye anazo na anachoka kuzihesabu. Jioni kila mtoto anachukua za kwenda na kurudi anaziweka mfuko wenye zipu wa begi.

Ikiwa dalili ni kubwa kuliko nauli, yaani Januari nzima haina pesa, basi chanzo kiko mbali zaidi. Kufikia 2016 ada ilikuwa imefutwa shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na watu wengine wakaelewa kwamba shule haina gharama. Sare, viatu, madaftari, nauli na uji wa shule havikufutwa. Kama uko kwenye mchezo wa upatu, omba kijumbe anayeuendesha akupe zamu ya mwisho wa Novemba badala ya kuchagua Disemba, maana pesa ya Disemba ina harufu ya pilau. Ununuzi uende kwa mpangilio huu: viatu, kitambaa cha sare, madaftari, na begi mwisho. Begi ndilo mtoto analolilia na ndilo linaloweza kushonwa mkanda na zipu likatembea mwaka mwingine. Kariakoo ya Novemba unabembelezwa. Ile ya baada ya Krismasi unasukumwa.

Dalili: chakula kinarudi nyumbani

Kikirudi kimechacha, ulikifunga kikiwa cha moto, au ni wali wa nazi, ambao joto la Dar haliusamehi hadi mchana. Acha kipoe kwanza, ndipo ufunike. Chapati, mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, maandazi na yai la kuchemsha vinavumilia. Kikirudi kizima, mara nyingi mfuniko ni mgumu kwa vidole vya mtoto. Mwambie aufungue mbele yako. Wangu wa darasa la kwanza alibeba njaa siku nne kwa sababu ya mfuniko, na mimi namnunia kwamba hapendi mihogo.

Dalili: kazi ya nyumbani haifanyiki

Tafuta meza, taa na saa, kwa utaratibu huo. Meza si lazima iwe meza. Kwetu ni ubao wa kupigia pasi ulioshushwa mpaka chini, na mkeka. Taa iwe upande wa mkono usioandika ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari, na taa ndogo ya sola ianikwe kila siku, hata siku ambazo umeme upo, la sivyo siku ukikatika nayo haina kitu.

Saa ndiyo ngumu. Wa kati alikuwa anatoka shule, anapita tuisheni, anafika saa kumi na mbili na nusu, halafu ninamtaka aandike. Nilimwondoa tuisheni muhula mmoja kwa majaribio, majirani wakaniona mzazi mkorofi. Alianza kumaliza kazi zake na alama hazikushuka. Sisemi tuisheni ni mbaya. Wa kidato cha kwanza bado anakwenda ya hesabu. Nasema kabla ya kuongeza saa za kusoma, hesabu zilizopo.

Shule yenye zamu mbili ina ugumu wake. Mdogo wangu anaingia zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yake ni tulivu, na jioni amechoka hoi. Kazi yake anaifanya asubuhi baada ya wenzake kutoka. Ilinichukua mwezi mzima kuona jambo lililo wazi namna hiyo, kwa sababu nilitaka wote wakae mkekani pamoja, nipendezwe.

Dalili: karatasi hazionekani

Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, yaani miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, na huwa kiko ndani ya Biblia au Kurani ya mtu aliyesafiri. Faili moja kwa kila mtoto: cheti, kadi ya kliniki, ripoti, risiti za michango, picha nne. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie mtu mwingine wa familia. Litoshe.

Dalili: dada ameenda Krismasi hajarudi

Nyumba ilikuwa inakwenda kama saa, Disemba dada wa kazi akaenda kwao kusalimia, Januari simu yake haipatikani, na nyumba imesimama. Hapo watu hutafuta dada mwingine haraka. Mtafute, lakini ujue alichoondoka nacho: utaratibu wote ulikuwa kichwani mwake. Nani anaoga wa kwanza, chupa ya maji ya nani ina mfuniko mbovu, sweta la nani limekopeshwa. Hata mwenye nyumba alikuwa hajui.

Kwa hiyo sasa utaratibu wetu uko kwenye karatasi ya kaki ukutani, kwa mwandiko wa mkubwa, na kila mtoto ana kazi mbili za jioni ambazo hazisubiri mtu. Mdogo anapanga viatu ndooni na kujaza chupa. Wa kati ananing'iniza sare na kupaka kiwi viatu vyote. Mkubwa anahesabu nauli na kuuliza "kesho kuna nini". Mwanzoni walifanya vibaya. Viatu vilipakwa kiwi mpaka kwenye soksi. Niliuma ulimi.

Na kwa huyo dada, kama ulimlipa mshahara wake wote, ukampa siku zake za kupumzika na kumwambia tarehe ya kurudi kabla hajapanda basi, nafasi ya kumwona Januari inaongezeka sana. Chanzo cha dalili hii mara nyingine hakiko kwake.

Wiki ya mwisho ya Mei, kabla ya likizo ya Juni, wavishe watoto sare zote mchana kweupe, waambie wainame, wainue mikono, wakae sakafuni. Panapobana, weka alama kwa chaki. Fundi wako wakati huo hana kazi, anakunywa chai na kusubiri wateja, na pindo la inchi tatu linashushwa ukiwa umekaa kwenye benchi lake.